Jinsi ya kumpendekezea mtu riwaya ya upelelezi: mwongozo kamili kutoka nyuma ya kaunta

Nina miaka kadhaa nauza vitabu kwenye duka dogo hapa Dar, duka la mtu binafsi sio la kampuni kubwa, tupo watatu tu, na rafu inayonipa raha kuliko zote ni ile ya upelelezi na ujasusi iliyo mkono wa kulia ukiingia. Zamani ile rafu ilikuwa imelala. Mteja anaingia, anaangalia makava yote meusi na mekundu, huku bastola, kule kivuli cha mtu kavaa koti, anashindwa hata aanzie wapi, mwisho anachukua kitabu cha ujasiriamali anaondoka. Tulibadilisha kitu kimoja tu, kila riwaya tunayoiamini tukaiwekea kadi ndogo iliyoandikwa kwa mkono, na chini ya kadi jina la aliyeisoma, kila mtu na rangi yake ya kadi. Rafu ikaamka. Leo watu wanaingia wanauliza "dada wa kadi za bluu yupo?" manake wameshajua ladha ya nani inafanana na yao.

Wadau wenye maduka na hata wale wenye klabu za vitabu wameniuliza tunafanyaje, kwahiyo naandika yote hapa hatua kwa hatua. Hata kama huna duka, kama we ni yule mtu ambaye marafiki wanamuuliza "nisome nini?" mambo ni yale yale.

Hatua ya 1: Soma mpaka ukurasa wa mwisho, hakuna njia ya mkato

Hii naianza na ndo nitakayokaa nayo sana, kwa sababu mengine yote yanaanguka kama hii haipo. Riwaya ya mapenzi inaweza kuwa na mwisho dhaifu na bado mtu akaipenda, ya maisha ya kijijini vile vile, lakini riwaya ya upelelezi ni ahadi. Mwandishi kakwambia kuna jambo limefichwa, kaa nami nitakuonyesha. Mwisho ukiwa wa ovyo basi kurasa mia tatu zote zimekuwa za ovyo, na msomaji anajisikia kaibiwa. Sasa we utamwambiaje mtu "chukua hii" wakati hujui ile ahadi ilitimizwa au la?

Mimi nilishafanya hilo kosa. Kuna mama mmoja mteja wetu wa siku nyingi alikuja akaniuliza kuna nini kipya, nikampa riwaya moja ya Kiingereza niliyokuwa nimefika katikati, ilikuwa moto kweli kweli, nikamwambia mama hii utaipenda nakuhakikishia. Wiki iliyofuata alirudi akakiweka kitabu juu ya kaunta taratibu, hakupiga kelele. Theluthi ya mwisho kuna mtoto anafanyiwa unyama na mwandishi kaandika kila kitu wazi, na yule mama alikuwa amefiwa na mjukuu mwaka huo huo. Nilimuomba radhi, akanisamehe, lakini sijasahau uso wake. Tangu siku ile sheria ya duka ni moja, hujamaliza huandiki kadi, na mdomoni pia husemi "nakuhakikishia".

Namna ya kusoma kama mtu atakayependekeza ni tofauti kidogo na kusoma kwa raha zako. Kaa na daftari. Andika ukurasa ulionasa, yaani pale ulipogundua huwezi kukiacha tena, kama ni ukurasa wa 12 au wa 140 hiyo ni habari kubwa sana kwa mteja mwenye papara. Andika ulipochoka. Andika chochote kizito kilichomo: mtoto, ubakaji, mateso, kujiua. Na ukimaliza rudi nyuma ujiulize, je mwandishi alicheza haki? Vile vidokezo vilikuwepo kweli mbele ya macho yangu au kavichomoa mfukoni mwishoni?

Hili la kucheza haki lina historia yake. Mwaka 1929 padri mmoja wa Kikatoliki wa Uingereza, Ronald Knox, ambaye naye alikuwa anaandika riwaya za upelelezi, alitoa amri kumi za mchezo. Mhalifu awe ametajwa mapema kwenye hadithi, mpelelezi asipate kidokezo ambacho msomaji hajaonyeshwa, bahati tu isimsaidie mpelelezi, majini na miujiza visiwe jibu. Waandishi wengi wazuri wamezivunja na vitabu vikatoka vizuri, kwahiyo usizishike kama msahafu, lakini mimi huwa nazitumia kama kipimo. Kitabu kikivunja amri tatu nne kwa mkupuo na hakijanipa kitu kingine cha maana badala yake, hakipati kadi.

Hatua ya 2: Panga rafu kichwani kwako kabla hujaipanga ukutani

Watu wakisema "vitabu vya kipelelezi" wanaweka nyanya, vitunguu na mkaa kwenye kapu moja. Anayetaka kufumbua fumbo ukimpa jasusi mwenye bastola mbili anaboreka, na wa bastola ukimpa mzee anayevuta kiko na kufikiri anasinzia. Mimi nimezigawa hivi.

Kuna fumbo la nani kaua. Hapa raha ni akili, unashindana na mpelelezi. Kwa Kiswahili baba wa hili ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, na Bwana Msa wake. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 50 ikatoka kitabu 1960, na mpaka leo nikimpa kijana ambaye hajawahi kuisoma anashangaa kwamba babu zetu walikuwa na kitu kama hiki. Ninachokipenda zaidi ni kwamba jina la kitabu linakutisha na mizimu alafu Bwana Msa anatembea kwa hoja mwanzo mwisho, kiko mkononi, rafiki yake Najum pembeni. Baadaye zikaja Kisima cha Giningi 1968, Siri ya Sifuri 1974 na nyingine. Kiswahili chake ni cha Unguja, kina maneno ambayo kijana wa Mwanza au Nakuru itabidi ayatulizie, mwambie mapema, asije akadhani ubovu ni wake.

Kuna ya polisi, inspekta na jalada lake mezani. Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo, 1965, ndani yupo Inspekta Wingo. Fupi, inaenda mbio, nzuri kwa mtu anayeanza.

Kuna ujasusi. Hapa Tanzania tumebarikiwa jamani. Elvis Musiba na Willy Gamba wake, Kufa na Kupona ya 1974, Kikosi cha Kisasi ya 1979, jasusi wa Kiafrika anazunguka bara zima wakati kusini mwa Afrika bado kunapiganiwa uhuru. Ukitaka kumfanya mzee wa miaka sitini atabasamu dukani kwako taja Willy Gamba tu. Na Ben Mtobwa, aliyezaliwa 1958 akafariki 2008, na Joram Kiango wake na Nuru pembeni yake, Tutarudi na Roho Zetu?, Salamu kutoka Kuzimu, majina peke yake yanauza.

Kuna uhalifu wa mjini, ambapo jiji lenyewe ndo mhusika. Mtobwa yupo hapa pia na Dar es Salaam Usiku. Kwa wanaosoma Kiingereza nawapa Nairobi Heat ya Mukoma wa Ngugi, mpelelezi mweusi kutoka Wisconsin kule Marekani anafuata kesi mpaka Nairobi na kujikuta kwenye kivuli cha mauaji ya kimbari ya Rwanda. Na huyo Mukoma ni mmoja wa waanzilishi wa tuzo ya Kiswahili iliyokuwa ikiitwa Mabati-Cornell, ambayo mwaka 2015 miongoni mwa washindi wake kulikuwa na Kolonia Santita ya Enock Maregesi, riwaya ya Kiswahili kuhusu magenge ya dawa za kulevya ya Mexico. Ukiwa na mteja anayesema Kiswahili hakina stori za kidunia, hiyo ndo ya kumpa.

Alafu kuna taharuki ya ndani ya nyumba, hofu inatoka kwa mtu unayelala naye au uliyezaliwa naye. Hii ndo inayotoka sana sasa hivi kwa wasomaji wa Kiingereza, wengi wao wadada wa maofisini. Mfano mzuri ni My Sister, the Serial Killer ya Oyinkan Braithwaite wa Nigeria, ilitoka 2018 na mwaka uliofuata ikaingia kwenye orodha ndefu ya tuzo ya Booker ya Uingereza.

Hatua ya 3: Muulize mteja maswali yanayojibika

"Unapenda vitabu gani?" ni swali baya, mtu anabaki anakutazama. Wengine wanaona aibu kabisa, anafikiri unampima elimu. Mimi nauliza hivi: kitabu au muvi au tamthilia ya mwisho iliyokufanya usilale ni ipi? Hapo macho yanawaka. Akikwambia tamthilia ya Kituruki ya familia na visasi, mpeleke kwenye taharuki ya nyumbani. Akisema muvi za ujasusi, Willy Gamba. Akisema hakumbuki muvi ila anapenda kesi za mahakamani kwenye habari, huyo ni wa polisi au wa fumbo.

Swali la pili ni la damu. Usiliruke hata kama unaona haya. "Kuna kitu hupendi kukutana nacho kwenye kitabu?" Sema kwa upole alafu nyamaza. Watu watakwambia. Mmoja atasema sitaki mtoto aumizwe, mwingine sitaki uchawi, mwingine mambo ya kitandani kwa sababu kitabu kitazunguka nyumbani.

La tatu anasomea wapi. Mtu wa basi la mwendokasi asubuhi na jioni anataka sura fupi fupi, aweze kukata kituo chochote. Mtu anayesafiri kwa basi kwenda Mbeya au Bukoba anataka kitabu kinene. Mtu anayesoma kitandani usiku akiwa kachoka usimpe kitabu chenye wahusika thelathini.

Ngoja niwape mfano jinsi mazungumzo yanavyokwenda. Juzi kaingia mzee mmoja.

"Shikamoo mzee, karibu."

"Marahaba mwanangu. Natafuta kitabu cha kumpa binti yangu, yupo chuo, anasoma sheria."

"Hongera mzee. Yeye mwenyewe huwa anasoma vitabu vya hadithi au ni hivi vya shule tu?"

"Anasoma kwenye simu huko, vile vya Kiingereza. Anasema vya Kiswahili ni vya wazee."

"Ana tatizo na stori nzito? Watu kuuawa, mambo ya kundi la watu kujichukulia sheria mkononi?"

"Huyo? Anataka kuwa mwendesha mashtaka. Mpe."

Nikampa Lightseekers ya Femi Kayode, ya 2021, ambapo mtaalamu wa saikolojia ya uhalifu, Dokta Philip Taiwo, anarudi Nigeria kutoka Marekani na kuombwa achunguze wanafunzi watatu wa chuo walivyouawa na umati mbele ya watu. Anajulikana aliyeua, karibu mji mzima, ila kwanini? Kwa mwanafunzi wa sheria swali lile ni chakula. Alafu nikamuonyesha Siri ya Sifuri nikamwambia mzee, hii mpe akimaliza ile, mwambie imeandikwa na Mswahili zaidi ya miaka arobaini kabla ya hiyo nyingine. Akachukua zote mbili.

Mnaona sikuongea sana. Maswali mawili tu, na wakubwa wapewe heshima yao kwanza, ukikurupuka na "unataka nini?" umeshampoteza.

Hatua ya 4: Andika kadi

Karatasi ngumu, nusu ya ukubwa wa bahasha ya barua, kalamu ya wino mzito isomeke ukiwa umesimama hatua moja. Kila mfanyakazi achukue rangi yake na asibadilishe. Maneno yasizidi sitini. Mwanzoni nilikuwa naandika mia na hamsini, watu wanasoma mistari miwili wanaacha, nikajifunza.

Ndani ya kadi weka mahali na hali ya kuanzia, weka ladha, weka anayefaa kuisoma, weka tahadhari kama ipo, saini. Basi. Mfano wa kadi yangu ya Braithwaite:

"Lagos. Dada mkubwa ni nesi, msafi, mwenye siri. Mdogo mtu ni mrembo na wachumba zake wanakufa. Muuaji utamjua mapema sana, swali sio nani, swali ni wewe ungefanya nini angekuwa mdogo wako. Sura fupi, unaimaliza kwa siku mbili. Ndani kuna baba mkatili nyumbani."

Na ya Mzimu wa Watu wa Kale:

"Maiti imekutwa mahali ambapo watu wanaogopa hata kupita. Bwana Msa anawasha kiko na kuanza kuuliza. Soma taratibu, Kiswahili cha Unguja kina ladha yake. Kwa anayependa kushindana na mpelelezi. Haina damu nyingi."

Sasa yale ya kutoandika, na hapa niwe mkali kidogo. Usiandike "mwisho wake hutaamini!" Najua kila mtu anaandika hivyo, hata wachapishaji wanaweka nyuma ya kava, lakini ukishamwambia mtu stori inageuka mwishoni umemuharibia, kuanzia ukurasa wa kwanza anamshuku kila mtu na hata yule aliyefichwa vizuri anamuona. Usitaje chochote kilichotokea baada ya robo ya kwanza ya kitabu. Usimtaje mhusika kwa kumsifu sana kama yeye ndo muuaji, msomaji mjanja atakushtukia. Usifananishe kila mwandishi wa Kiafrika na mwandishi fulani wa Uingereza, eti "Agatha Christie wa Lagos", hiyo inamnyima heshima yake na inampa msomaji matarajio ambayo kitabu hakikuyaahidi. Na usiandike "kitabu bora kabisa", sababu wiki ijayo utaandika hivyo hivyo kwenye kingine.

Kitu kingine, mpe mwenzako asome kadi kabla hujaibandika, mtu ambaye hajasoma kitabu. Muulize unadhani nani kaua? Akipatia, chana kadi andika upya.

Hatua ya 5: Kupata vipya bila kufilisika

Riwaya za Kiingereza za Uingereza na Marekani kwa kawaida zinatoka kwanza na jalada gumu, alafu baada ya miezi kadhaa mpaka mwaka ndo linakuja jalada laini la bei ya chini. Duka dogo kama letu usikimbilie jalada gumu hata kama watu wanaizungumzia mtandaoni. Subiri. Wateja wawili watatu wasioweza kusubiri waagizie kwa oda, walipe nusu kwanza. Kwenye rafu ingiza nakala tatu za kila kipya, moja itasomwa na nyie wenyewe mbili ziuzwe, zikiisha ndani ya mwezi agiza tena.

Kwa Kiswahili mambo ni tofauti kabisa. Waandishi wengi wa upelelezi siku hizi wanajichapishia wenyewe, stori inaanza vipande vipande kwenye Facebook au grupu la WhatsApp, mashabiki wakijaa anachapa kitabu, alafu anakuja dukani na katoni begani. Hawa ndo moyo wangu ulipo. Tunawapokea kwa mali kauli, yaani anatuachia vitabu, tukiuza tunamlipa. Lakini andikianeni, hata kama ni rafiki: nakala ngapi, bei gani, duka linachukua asilimia ngapi, malipo tarehe gani, na visivyouzika vinarudi baada ya miezi mingapi. Makubaliano ya mdomo yamevunja urafiki mwingi.

Kabla hujapokea, kifungue kitabu katikati ukikunje kidogo, karatasi zikianza kuachia ile gundi haifai, mteja atakurudishia baada ya siku mbili. Pitisha kurasa zote haraka uone hakuna iliyochapwa kichwa chini au kurudiwa. Soma kurasa kumi kutoka sehemu tofauti, ukikuta makosa ya uchapaji kila mstari mwambie mwandishi kwa upole, faragha, sio mbele ya wateja, kwamba stori nzuri lakini inahitaji mhariri, akirekebisha toleo lijalo tutaipa kadi. Wengine wamenuna. Wengine wamerudi na kitabu kilichong'aa, na wale ndo tunauza vitabu vyao mpaka leo.

Na vile vya zamani vya Musiba, Mtobwa na wenzao, havipatikani kirahisi kila siku. Ukiona nakala halali ya toleo jipya nunua za kutosha. Za mitumba zipitie meza za vitabu vya barabarani, nyingine unazikuta kwa wazee wanaohama nyumba.

Hatua ya 6: Jua mfuatano

Hii fupi. Bwana Msa na Willy Gamba unaweza kuanzia popote, kila kesi inajitegemea kwa kiasi kikubwa. Lakini kuna mifululizo ambayo maisha ya wahusika yanaendelea, mtu anazeeka, anafiwa, ukianzia katikati umejiharibia. Mfano wazee wapelelezi wa mwandishi Richard Osman wa Uingereza, The Thursday Murder Club ya 2020, hiyo lazima ianze ya kwanza, kisha ya 2021, ya 2022, ya 2023, ndo uje ile ya 2025. Dokta Taiwo naye Lightseekers kwanza ndo Gaslight. Andika namba ndogo kwa penseli kwenye stika ya bei, mteja asihangaike.

Hatua ya 7: Mteja akisema "si nitaipata bure kwenye grupu?"

Ataisema, jiandae. Pdf za wizi zipo kila kona na riwaya za upelelezi ndo zinaongoza kuibwa. Usimfokee. Mimi namwambia ukweli ninaoujua, kwamba mwandishi huyu tunamfahamu, alileta katoni yake hapa mwenyewe kwa bodaboda, nakala akiuza ndo analipia chapa ya kitabu kinachofuata, na pdf ikisambaa kinachofuata hakiji. Kama hana hela namwambia kaa pale kwenye kiti soma sura ya kwanza bure, au chukua leo ulipe kwa awamu mbili kwa simu. Wengi wanakaa. Sura ya kwanza ya riwaya nzuri ya upelelezi ni muuzaji mzuri kuliko mimi.

Hatua ya 8: Fuatilia

Tuna daftari la kawaida la shule. Jina la mteja, alichochukua, tarehe. Akirudi tunamuuliza uliishia wapi, sio "ulikipenda?" sababu watu wana adabu watasema ndio. Ukimuuliza ulimshuku nani, utajua kama amesoma na kama amefurahi ndani ya sekunde tano. Akisema hakukipenda, usibishane, usitetee. Muulize alichokea ukurasa gani. Hilo jibu liandike, ndo litakalokusaidia kumchagulia kinachofuata, na likijirudia kwa wateja watatu basi kadi yako ilikuwa imedanganya, irekebishe.

Nawaomba pia msiogope kusema "sina cha kukufaa leo". Kuna kaka alitaka riwaya ya kijasusi ya Kiswahili iliyoandikwa na mwanamke na ambayo haijazidi miaka miwili, nikatafuta rafu nzima sikuwa nayo, nikamwambia kaka sina, niachie namba. Mwezi uliofuata ikaja katoni ya dada mmoja, nikampigia, akafika jioni ile ile. Ningempa chochote siku ile ya kwanza asingerudi.

Hatua ya 9: Kadi zina umri

Nyuma ya kila kadi andika tarehe. Baada ya miezi mitatu itoe hata kama kitabu bado kinauzika, weka nyingine, rafu isizoeleke machoni. Ukimaliza robo ya mwaka kaeni chini wote watatu na chai, kila mtu alete vitabu viwili alivyomaliza, ajieleze, wengine wamuulize maswali kama mteja anavyouliza. Kijana wetu mpya alileta cha kwanza chake mwezi uliopita, alikuwa anatetemeka, kaandika kadi mara tano. Ile ya tano ilikuwa na maneno ishirini na mbili na ilikuwa nzuri kuliko zangu zote za mwaka huo.

Kwenye rafu nzima kadi moja tu ndo hatujawahi kuitoa, ya Bwana Msa. Karatasi tumebadilisha mara nne, inachakaa kwa kushikwa.